Paka Hana Sharia

Nyumbani kwetu Kibokoni hapakutupwa chakula. Ukoko ulikwanguliwa chunguni ukaliwa kwa chai, na wali wa jana ulikuwa kiporo cha leo. Kitu kikishaharibika hata hakuna anayeweza kukitia mdomoni, shangazi yangu alikuwa na neno lake: "Usitupe, israfu hiyo. Mpe paka." Samaki aliyelala akaanza kunuka, mpe paka. Maziwa yaliyokatika, mpe paka. Nami nikiamini huo ni wema. Leo mimi ni mkongwe, meno yamenitoka, na mtu akisema "mpe paka" mbele yangu hupandwa na hasira hata wajukuu wakacheka. Na wacheke.

Shangazi ndiye aliyenilea, maana baba na mama walitangulia ningali mdogo. Nyumba ilikuwa yake yeye na ndugu yake wa kiume, ami yangu, aliyekuwa karani katika maghala ya bandari kule Kilindini. Vita vya Wazungu vikiwa vimepamba moto, nami nikavunja ungo, na shangazi akaniweka ndani kama walivyowekwa wasichana wote wa mtaa wetu. Chuo cha Kurani kikaisha. Kwenda kwa wenzangu kukaisha. Dunia yangu ikawa vyumba vitatu vya orofani, ngazi, ua wa chini penye jiko na kisima, na dirisha ambalo mchana nilikatazwa kusimama mbele yake. Watu huniambia ilikuwa heshima. Najua ilikuwa heshima. Nami nilikuwa nikilia kila siku.

Nilichokuwa nacho ni paka. Alikuwa jike mweupe mwenye mabaka ya rangi ya tangawizi, na tabia yake ilikuwa moja tu, kupenda kupapaswa. Kushona kofia ndiyo kazi niliyopewa nisikae bure, basi nikishika sindano huja akaingiza kichwa chini ya mkono wangu, akasukuma, akasukuma, hata sindano ikakosa tundu. Nikimfukuza huzunguka akaja upande wa pili. Nikiweka kofia chini nikampapasa kutoka kichwani hadi mkiani, hufumba macho akanguruma, nami kule kunguruma nikikusikia mpaka tumboni mwangu. Hapakuwa na mtu mwingine katika nyumba ile aliyefurahi kuniona. Nasema hivyo bila haya, shangazi anisamehe huko aliko.

Kabla ya vita alikula vichwa vya samaki na matumbo, kwa sababu mchuuzi alipita mlangoni kila asubuhi, na kichwa cha changu hakikuwa kitu cha kunyimana. Vita vilipokuja samaki wakawa wa askari na wa manuwari. Mchuuzi akaacha kupita. Mchele ukawa hauonekani, tukala unga wa mahindi ya manjano, unga wenye uchungu kooni na wadudu wa kuchambua. Paka akakonda, akawa anakula mende. Nikimwona anatafuna mende nilikuwa nikimtemea shangazi maneno kimoyomoyo, kwani kwa sauti nisingethubutu.

Basi siku moja ami akaja na hamali, na hamali kabeba sanduku la mbao kichwani. Ndani mlikuwa na mikebe ya samaki, imepangwa safu kwa safu. Hakuiba, nataka hilo lijulikane. Sanduku lile lilikaa gatini juani miezi na miezi, mikebe mingine imebonyea, mingine imeshika kutu, na askari wakaikataa. Mkubwa wake akamwambia achukue, ikae mbali na macho yake. Ami akalipokea kama mtu aliyetunukiwa.

Akafungua mkebe mmoja mbele yetu kwa kisu cha jikoni. Samaki wadogo aina ya simu walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu ndani ya mafuta ya manjano. Loo! Miezi mingapi tulikuwa hatujaona kitoweo chenye mafuta? Mate yalinitoka. Ami akachovya kidole, na shangazi akamshika mkono.

"Mafuta haya ni ya nini?" akauliza.

"Ya samaki, dada. Samaki ni samaki."

"Samaki nawajua. Nauliza mafuta. Je, yakiwa ya nguruwe?"

Ami aligeuza mkebe akasoma karatasi yake. Alijua kusoma Kizungu cha Waingereza, lakini maandishi yale hayakuwa ya Waingereza, hakufahamu hata neno. Akafuta kidole kwenye kitambaa polepole, kwa uchungu, nami nikameza mate.

Baada ya sala ya alasiri akamuuliza shekhe wa msikiti wetu. Jibu alilorudi nalo lilikuwa la kweli, wala sina ugomvi na shekhe hadi leo. Alisema samaki hawana neno, ila mafuta ambayo mtu hajui asili yake yana shaka, na lenye shaka ni bora kuliacha. Aliulizwa juu ya vinywa vya watu, akajibu juu ya vinywa vya watu. Hakuna aliyemuuliza kama mikebe iliyopikwa na jua miezi ile ingali chakula. Sisi wenyewe hatukujiuliza. Tukishajua kitu ni halali au si halali, tuliona tumekwisha kujua yote.

Ami akasema basi ataitupa mikebe baharini. Shangazi akaruka. "Utupe? Sanduku zima? Na watu wanakufa njaa! Israfu hiyo, hata Mungu haipendi."

"Tuifanyeje, basi?"

Shangazi akaniangalia mimi, na paka miguuni pangu. "Paka hana sharia," akasema.

Nilifurahi nikataka kumbusu mkono. Tangu niwekwe ndani hakuna jema nililopewa likawa langu, na sasa nilikabidhiwa sanduku zima, niliweke chini ya ngazi, kila asubuhi nifungue mkebe mmoja nimpe paka wangu. Sisi watu tulikaa mkekani tukabwia ugali wa manjano kwa chumvi na pilipili, yeye akala simu wa Ulaya. Ami alikuwa akimtazama akisema, "Ama mwenzetu kaolewa na gavana." Shangazi naye alijiona katoa sadaka kubwa. Kila mgeni aliyepanda ngazi alihadithiwa jinsi nyumba yetu ilivyojizuia na shaka ikamkumbuka kiumbe wa Mungu. Akihadithia, sauti yake inakuwa laini ya kusomea maulidi.

Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na yetu, alikaa mjane mwenye watoto watatu. Mumewe alikuwa mpishi wa meli, akafia huko huko melini, na mjane akabaki kupika maandazi ya kuuza. Harufu ya mikebe ilimfikia. Akaja akakaa na shangazi, akazunguka na maneno, mwisho akasema: "Mwenzangu, nipe hata minne mitano ya hawa watoto."

"Siwezi kumlisha Muislamu mwenzangu kitu cha shaka," shangazi akamjibu.

Mjane akacheka. "Niachie dhambi yangu, nitaibeba mwenyewe."

"Hapana. Na mimi nitaulizwa."

Mjane akajitanda buibui lake akaondoka bila kumaliza kahawa. Nilikuwa kizani mwa ngazi na paka mapajani, nimeshiba furaha, wala sikuona aibu yoyote. Aibu ilinijia baadaye, tena ikaja na riba.

Mwezi wa kwanza paka alinawiri. Manyoya yaling'aa, tumbo likajaa. Kitu kingine chochote hakukitaka tena. Nikimwekea uji wa maziwa hunusa akaupiga teke kwa mguu wa nyuma kama anaufukia. Shangazi akacheka: "Mtoto wa watu keshajua utamu." Mwezi wa pili ukaenda. Siku moja nikagundua kwamba hajapanda dirishani tangu juzi. Nikadhani uvivu wa shibe. Kesho yake alitaka kuruka kitandani, akainua miguu ya mbele, akaishusha, akakaa chini akanitazama.

Nikampapasa mgongoni. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa paka, akageuka akaniuma.

Nilitazama damu mkononi na sikuelewa. Nikajaribu tena, taratibu, kwa ncha za vidole. Akalia tena, akajikokota hadi pembeni mwa chumba akalala kanipa mgongo. Mwili ulikuwa wa moto. Chini ya ngozi, tumboni, vidole vyangu viligusa vitu vigumu mfano wa kunde. Nilifikiri amenichukia. Msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyefungiwa, ana kiumbe mmoja tu anayempenda, na kiumbe huyo sasa anapiga mayowe akiguswa naye! Nililia siku ile mpaka nikatapika.

Shangazi alijua sababu bila kufikiri. "Jicho hilo. Si aliomba akanyimwa? Hasadi yake imempata mnyama." Akaja na chetezo, akamfukiza paka ubani, akamsomea, akampulizia. Paka akapiga chafya. Ami akasema, "Hata paka nawe wamsomea, dada?" Akaambiwa anyamaze, wanaume hawajui mambo. Nami nikamchukia mjane yule. Nikisikia sauti yake upande wa pili wa ukuta nilikuwa nikimlaani, mimi niliyekula kwa shida kama watoto wake.

Lakini ukuta husikia pande zote mbili, na kilio cha paka kilimfikia. Kulikuwa na tundu katika ukuta wa ua, la kupitishiana kaa la moto na chumvi. Asubuhi moja akaniita hapo.

"Mwanangu, paka wenu ana nini?"

"Ana jicho," nikamjibu kwa ukali, aelewe.

Akaelewa. Akainama karibu na tundu akasema: "Haya, mimi nina jicho. Lakini niambie, akiguswa mgongoni analia?"

"Analia."

"Hapandi juu tena? Na hali kitu ila mikebe?"

Nani alimwambia? Akaniambia yeye mwenyewe. Marehemu mumewe alikuwa akimsimulia habari za paka wa melini, wa kukamatia panya, ambao mabaharia waliwashindilia samaki wa mikebe safari nzima. Walinenepa, kisha wakawa hawagusiki, kisha wakafa. Mumewe akagundua kuwa aliyewahiwa, akanyang'anywa mikebe akapewa maini na nyama mbichi, alipona.

"Acha mikebe leo hii," akasema. "Atakataa kingine chote, atalia njaa siku mbili tatu. Mwache alie. Usimwonee huruma, mwanangu, hapo ndipo watu wanapokosea. Atakula mwenyewe."

Kesho yake akanipitishia tunduni kipande cha ini la mbuzi kimefungwa katika jani la mgomba. Ini! Wakati ule! Mwanamke tuliyemnyima mikebe ya bure, na watoto wake watatu wanamtazama. Nilipokea kwa mikono miwili.

Nikakata ini vipande vidogo nikamwekea paka. Akanusa akageuza uso. Siku ya kwanza akalala na njaa. Siku ya pili alijikokota hadi chini ya ngazi, akakaa mbele ya sanduku la mikebe akilia, sauti nyembamba, haikatiki. Nikaziba masikio. Nikamwomba, nikamwekea ini puani, nikalichemsha, nikalitia chumvi, nikalitafuna mwenyewe nikampa. Jioni naona kama aliramba. Wallahi, aliramba! Ulimi uligusa ini mara mbili.

Na hapo ndipo shangazi aliporudi kutoka hitimani, akasikia kilio, akaona sanduku limefungwa.

"Hajala huyu?"

"Shangazi, nimeambiwa mikebe ndiyo inayomuua."

"Umeambiwa na nani?" Hakuhitaji jibu. "Amtie jicho, kisha akufunze umtie njaa? Wewe hukusoma chuoni? Hukijui kile kisa cha mwanamke aliyemfungia paka asimpe chakula hata akafa? Aliingia wapi mwanamke yule?"

"Motoni," nikasema.

"Haya. Chagua."

Nani katika mji wetu hakukijua kisa kile? Tulifundishwa kabla hatujajua kuchana nywele zetu. Nilikuwa na mama yangu peponi, ndivyo nilivyoambiwa siku zote, na nikaona naelekea njia nyingine. Lakini nisimtupie moto lawama yote, wala shangazi. Kilichonishinda zaidi ni kwamba paka alikuwa akinitazama kama zamani, akiniomba mimi, na nilitaka anipende tena hata kwa siku moja. Nikachukua kisu nikafungua mkebe kwa mkono wangu. Alikula mpaka akaramba bati. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, nikakaa mbele yake nikimtazama anavyokula, na lile ini likabaki sahanini hadi chungu wakalichukua.

Miaka mingi baadaye, nami nina watoto wakubwa, alikuja mtaani daktari wa mifugo kumtazama mbuzi wa jirani. Nikamweleza habari hii kama iliyompata mtu mwingine. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia kuwa samaki wa mafuta, hasa wa mkebe uliochacha, paka akila hao peke yao siku nenda siku rudi, mafuta yaliyo chini ya ngozi yake huwaka, yakawa magumu na ya manjano. Mwili mzima unakuwa jipu moja. "Ukimpapasa, mama, unamtonesha," akasema. Nikamuuliza kama angepona kwa ini. Akasema akiwahiwa, pengine. Nikamshukuru, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Tuliendelea na mikebe siku nyingine kumi na kitu. Halafu ami akarudi kutoka kazini anacheka ngazini. Ofisini mwao alikuja karani Mgoa, mwenyeji wa Goa ya Wareno, ami akamwonyesha karatasi ya mkebe aliyokuwa nayo mfukoni siku zote hizo, na Mgoa akaisoma kama anayesoma barua ya nyumbani. Ilikuwa lugha ya Wareno.

"Mafuta ya zeituni, dada! Zeituni tupu!"

Shangazi akashika kifua. "Subhana Llah. Na sisi tunampa paka?"

Saa ile ile akateremka mwenyewe chini ya ngazi akahesabu iliyobaki. Akanigeukia. "Kuanzia leo usimpe. Hiki ni chakula cha watu."

Nilisimama nikamtazama. Siku zote zile nilizolia, nilizoomba, ini la mjane lililokwenda bure, moto wa jehanamu niliotishiwa, na sasa mikebe imekatazwa kwa neno moja, kwa sababu ni mitamu na ni halali. Hata shekhe hakuulizwa tena. Nikataka kucheka na nikataka kumpiga. Nilisema tu, "Naam, shangazi."

Mchana wa kesho yake nyumba nzima ilinukia. Shangazi aliwakaanga simu wale kwa vitunguu, ndimu na pilipili mbichi, akamwaga mafuta mengi juu ya ugali, na alimpelekea mjane sahani imefunikwa kawa, pamoja na salamu. Mjane alipokea. Ana watoto watatu, afanye nini? Sisi mikebe ile haikutudhuru, tulikula kidogo kidogo na tukagawanya. Paka alikuwa amekula robo tatu ya sanduku peke yake.

Yeye alikuwa orofani, chini ya kitanda cha samadari cha marehemu mama yangu, siku ya tatu hajatoka. Nilimpelekea uji, hakuutazama. Nilimpelekea kichwa cha samaki ambacho ami alinitafutia sokoni baada ya kumwangukia miguuni, akakaa nacho mbele ya pua. Nililala sakafuni kifudifudi ili macho yetu yawe sawa. Kila nikinyoosha mkono alianza kulia kabla sijamgusa, basi nikaurudisha. Nikajifunza kukaa naye bila kumgusa. Nikimsemesha tu, nikimwambia maneno ya kipuuzi, jina nililompa, na kwamba anisamehe. Chini niliwasikia wakila. Shangazi akimwambia ami amebakisha mkia, aumalize, asiache kitu.

Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa aliponyoosha miguu. Pumzi ilikuja, ikakaa, ikaja nyingine, basi. Nilingoja. Niliogopa kumtonesha. Kisha nikaingiza mkono chini ya kitanda nikamweka kiganja kichwani, na hakulia. Nikampapasa shingoni, hakulia. Nikampapasa mgongo wote hadi mkiani, tena na tena, kama alivyopenda, na shangazi aliniita nishuke nile mara tatu kabla sijamwitika.